Nina GPA ya 3.9 ya muziki na baba anasema hiyo sio kazi, je niuze kihamba, yaani shamba la ukoo, nikasome masta?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 28, naishi Rau hapa Moshi, naomba unisikilize maana kichwa kimejaa na nyumbani hakuna wa kumwambia bila kugeuka kikao cha ukoo.

Nimekulia kwenye tarumbeta za kanisani. Kuanzia darasa la sita napuliza, kwanza trampeti baadae trombone, tumepiga Pasaka alfajiri, tumepiga misibani huko Mwika na Marangu mvua inanyesha na matope mpaka magotini. Nilivyomaliza form six nikaenda chuo cha Makumira nikasoma digrii ya muziki, nikatoka na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.9 kati ya 5. Saa hizi nafundisha muziki shule moja ya msingi ya English medium, mshahara laki nne na nusu, na jioni ni mwalimu wa kwaya ya vijana usharikani kwetu, tupo kama thelathini na kitu, na nyimbo nyingi wanazoimba nimetunga mimi.

Ninachokitaka ni kimoja, nataka kuwa profesa wa muziki. Nifundishe chuo, nitunge, niongoze kwaya na Mungu akijalia siku moja niongoze okestra. Sio kwamba nataka jina, mimi hiyo kazi yenyewe ndo naipenda, nikiwa nayo kichwani hata usingizi siupati.

Sasa mambo yamekuja yote kwa mpigo. Kuna studio moja Arusha maeneo ya Sakina wananitaka niwe prodyuza wao wa nyimbo za injili, laki tisa kwa mwezi, ila nihamie huko kabisa na kazi zao nyingi ni jioni na usiku. Hapo hapo nimepata admission ya masta chuo kimoja nje ya nchi, ada sina hata robo. Nikafikiria nimwombe baba anigawie sehemu yangu ya kihamba niuze, nilivyogusia tu hali ya hewa ikabadilika, baba akasema muziki ni wa kumtukuza Mungu jumapili, kazi ni kitu kingine, na baba mkubwa akadakia kwamba yeye hajawahi kumuona profesa wa ngoma.

Mchumba wangu ni wa Machame, yeye ananielewa, shida ni baba yake, aliniuliza mbele ya wageni kama nitamlisha binti yake kwa kupunga mikono. Sikujibu kitu Shangazi, niliinamia sahani.

Lingine, wimbo wangu mmoja kwaya nyingine wameurekodi, video imetembea sana, jina langu halipo popote. Nimewauliza wakasema wimbo wa kanisa ni wa Mungu hauna mwenyewe.

Na kuna rafiki yangu tulisoma wote anasema kwaya inanimaliza muda, niiache hata mwaka mzima nijisomee kwa utulivu.

Niambie ukweli, hiyo kazi ipo hapa Tanzania? Na nikishakuwa mhadhiri nitatunga kweli au nitaishia kusahihisha mitihani? Niuze, nihamie Arusha, au nitulie?

Mwalimu wa Kwaya, Rau

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Kihamba usiuze. Naanza na hilo kwa sababu ndilo pekee kwenye barua yako ambalo ukishalifanya halirudi, masta unaweza kusoma ukiwa na miaka 30 au hata 35 lakini kihamba kikishaenda kimeenda na baba yako atazeeka anaangalia ukuta wa mtu mwingine pale ilipokuwa migomba yake. Na zaidi ya hapo hukihitaji, maana njia unayoitaka ina mpangilio wake na wewe umeanzia katikati.

Kazi ipo, lakini milango ni michache sana, nisikudanganye. Makumira umesoma mwenyewe unapajua, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha muziki, chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo wapo kwa upande wa cheti na diploma, Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy tangu 2002. Ukishataja hizo umetaja sehemu kubwa. Kwa hiyo nafasi ikitangazwa huwa ni moja, na anayeipata ni yule ambaye makaratasi yake yalikuwa tayari kabla ya tangazo.

Ngazi zenyewe ni hizi, mkufunzi msaidizi ambaye wenyewe wanamwita TA, halafu mhadhiri msaidizi ukiwa na masta, mhadhiri ukiwa na PhD, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, ndio profesa kamili. Huruki ngazi. Na kupanda kunaanzia kwenye alama, kiwango ambacho vyuo vingi vimekuwa vikidai kwa TA ni GPA ya 3.8 na kuendelea na wewe una 3.9, mwanangu hiyo umepita kwa nafasi ndogo lakini umepita, kuna watoto wa watu wana vipaji kukuzidi wamebaki nje kwa pointi moja. Masta nayo wanataka 4.0 ndio uitwe mhadhiri msaidizi. Ndio maana sikushauri ukimbilie masta yoyote ile uliyopata kwa haraka na hela ya kuungaunga, ukienda huko unalala na njaa unafanya vibarua halafu ukatoka na 3.7 utakuwa umeuza shamba na mlango umeufunga mwenyewe.

Anza na TA. Chuo kikishakuajiri kinakuwa na sababu ya kukusomesha, kinakupa ruhusa ya masomo, kinakuandikia barua, na wafadhili nao wakiona una mwajiri anayekusubiri wanakusikiliza tofauti. Vyuo vya serikali nafasi zinapitia Sekretarieti ya Ajira, fungua akaunti Ajira Portal leo uweke vyeti vyote. Vyuo binafsi na vya makanisa wanatangaza wenyewe, na hapo unaruhusiwa kabisa kwenda na miguu yako. Wewe upo Moshi, panda Coaster ushuke Usa River ilipo Makumira, nenda kawaone waliokufundisha uwaambie wazi kwamba unataka kurudi kama mwalimu. Hata kama hakuna nafasi waombe vipindi vya muda, darasa la mazoezi ya sikio au kushika sauti moja kwenye kwaya ya chuo, kinachotafutwa ni jina lako kuwa kwenye orodha ya watu waliowahi kufundisha pale.

Ufadhili upo. DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, ina nafasi za wanamuziki peke yao, Fulbright inapeleka watu Marekani kwa masta na PhD, Uingereza kuna Commonwealth. Kabla hujajaza fomu jua unataka nini, kwa sababu Marekani mtu wa utunzi au uongozaji anaweza kuchukua shahada ya uzamivu inaitwa DMA ambayo unapimwa kwa kazi zako na matamasha, wakati PhD mara nyingi ni utafiti, unaingia vijijini na kinasa sauti halafu unaandika kitabu kizima. Zote ni nzuri. Ila ukitaka kurudi kuajiriwa hapa waulize kwanza wanavyoitambua hiyo DMA, usije ukabishana na ofisi ukiwa na miaka 40.

Sasa nije kwa huyo rafiki yako, maana hapa nimekasirika kidogo. Eti uache kwaya ili usome! Mwanangu hao vijana thelathini na kitu ndio mtaji wako wote. Mwenye piano anaweza kujifunzia peke yake chumbani, lakini mwongozaji bila waimbaji hana kitu cha kufanyia mazoezi. Na mtunzi ni hivyo hivyo, unaandika sauti ya tenor, ile ya juu ya wanaume, unaona imekaa vizuri kwenye karatasi, unaipeleka alhamisi jioni unakuta vijana wanaishiwa pumzi mstari wa tatu, unarudi unarekebisha, jumapili wanaimba. Kuna watu wanasoma masta ya utunzi miaka miwili wanasikia kazi yao ikiimbwa mara chache tu, wewe unaisikia kila wiki bure. Kwa hiyo kila jambo unaloniuliza mimi nalipima kwa swali moja tu, je likipita utabaki na waimbaji?

Studio ya Sakina haitakuachia waimbaji. Laki tisa ni hela na sikulaumu kuitamani, ila wamekwambia wenyewe kazi ni jioni na usiku, na kwaya nyingi za nchi hii zinafanya mazoezi jioni. Utakaa mwaka mmoja unatengeneza biti za watu wengine, utakuwa na simu nzuri, na siku chuo kikitangaza nafasi huna wimbo mpya hata mmoja uliouongoza. Waambie utafanya kazi za jumamosi kwa malipo ya kila kazi, hasa kuandika sauti nne za kwaya na kusimamia waimbaji wakati wa kurekodi, hapo ndipo maprodyuza wengi wanapokwama na wewe umelisomea. Wakikataa basi.

Umeuliza kama mhadhiri anatunga au anasahihisha. Anafanya vyote na kusahihisha ni kwingi. Wiki ya mhadhiri wa muziki ni nadharia, hamoni, historia, mwanafunzi mmoja mmoja kwenye ala, kwaya jioni, tasnifu za kusimamia, vikao visivyoisha, na utunzi unaingia usiku au likizo. Pia ujue kupanda cheo kunategemea sana machapisho, makala kwenye majarida ya kitaaluma, na utungaji kila chuo kina utaratibu wake wa kuuhesabu, hilo waulize siku ya kwanza ulipate kwa maandishi. Wanaofanikiwa ni wale walioingia kazini tayari wakiwa na tabia ya kutunga, maana chuo hakitakutengea saa ya kukuza tabia ambayo hukuwa nayo.

Mfano wangu ninaoupenda ni Ephraim Amu wa Ghana, alizaliwa 1899. Huyu alikuwa mwalimu chuo cha ualimu Akropong, akawa anatunga nyimbo kwa kufuata namna lugha za Kiewe na Kitwi zinavyopanda na kushuka mtu anapoongea, sio kulazimisha maneno ya Kiafrika yakae kwenye tuni ya Kizungu, na akaingia kanisani kuhubiri na vazi la kwao. Mwaka 1933 wakamwondoa kazini. Hakuacha. Mwaka 1937 ndio akaenda London kusoma Royal College of Music, angalia mtiririko huo, nyimbo na waimbaji alikuwa nao kabla ya London. Baada yake akaja Kwabena Nketia, 1921 mpaka 2019, mtunzi na profesa wa Chuo Kikuu cha Ghana, ambaye leo huwezi kusoma muziki wa Afrika popote duniani bila kukutana na jina lake. Baba mkubwa asiyewahi kumuona profesa wa ngoma mwambie huyo ndiye.

Na usione ni mambo ya Ghana tu. Wimbo wa Pasaka wa Mfurahini Haleluya ambao bila shaka umeupuliza kwa tarumbeta, maneno yake yaliandikwa na Bernard Kyamanywa miaka ya 1960 akiwa mwanafunzi hapo hapo Makumira, tuni ni ya kienyeji, na leo Walutheri wa Marekani wanao kwenye kitabu chao cha nyimbo. Mwanafunzi, mwanangu, sio profesa.

Jifunze kwa Amu jambo moja la ufundi. Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ukiweka pigo zito kwenye "do" ya upendo muumini ataimba lakini neno litachechemea, na nyimbo zetu nyingi za kutafsiriwa zina ugonjwa huo mpaka tumeuzoea. Soma shairi lako kwa sauti kabla hujatafuta tuni. Ukitunga kwa Kichagga ni kazi zaidi maana kile kina toni, tuni ikipanda pale neno linaposhuka bibi kizaa bibi hataelewa unasema nini, kaa na wazee wakuimbie kwanza.

Halafu andaa mfuko wa kazi zako. Kwaya zetu tunaishi na solfa, zile do re mi, na solfa ni nzuri sana, lakini chuo kitataka nota za mistari mitano, chukua programu ya MuseScore ni ya bure kabisa, andika nyimbo zako bora tano au sita, sio zote, safi, zenye alama za nguvu na pumzi. Rekodi kila mmoja hata kwa simu. Na video ya kuongoza, hapa wengi wanakosea, wanatuma video ambayo mwongozaji anaonekana mgongo, weka simu nyuma ya waimbaji wa besi ikuangalie wewe uso na mikono, hao wanaochagua wanataka kuona kama mkono wa kushoto nao unafanya kazi yake au unarudia tu unachofanya wa kulia. Piano yako kama ni ya kubahatisha iendeleze, mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ipo ya kutuma kwa video tangu 2020, ila kumbuka kuanzia gredi ya 6 kwa kawaida unatakiwa uwe umefaulu nadharia gredi ya 5, kwa wewe hiyo ni wiki chache tu za kujikumbusha.

Kitu kingine cha kukupa moyo, mtaala mpya ulioanza 2024 umeingiza sanaa mashuleni kwa nguvu, watoto wa msingi wana somo la Sanaa na Michezo. Walimu wa kulifundisha hawatoshi, na hao walimu lazima mtu awafundishe huko vyuoni. Kaliandike hilo kwenye barua yako ya maombi.

Wimbo wako uliorekodiwa. Hiyo kauli ya wimbo wa Mungu hauna mwenyewe mimi siipendi, Mungu hajakataza jina la mtunzi kuandikwa. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inakulinda tangu ulipoandika huo wimbo, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, na haki ya kutajwa jina ni yako. Lakini usianze na sheria, hao ni ndugu zako mtakutana kwenye mashindano ya kwaya. Nenda na mwenyekiti wa kwaya yako ukaonane na mwalimu wao na mwenyekiti wao, uombe kitu kimoja tu, jina lako liwekwe kwenye maelezo ya video na kwenye nota. Wakati huo huo kasajili nyimbo zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kuanzia leo kila karatasi unayotoa chini iwe na jina lako na mwaka, na usitume tena nota kwenye magrupu ya WhatsApp bila jina.

Tubaki na wazazi. Baba yako hakuchukii wala hauchukii muziki, yeye anaogopa, amekusomesha kwa kahawa iliyokuwa inashuka bei na anaona mtoto anarudi kuomba ardhi. Mrudie umwambie ombi la kihamba umelifuta. Liseme hilo kabla ya neno lingine lolote, halafu ndio umweleze hizo ngazi moja moja, mzee anaelewa vizuri sana habari za madaraja na kupandishwa cheo.

Baba mkwe naye kakuudhi ila swali lake ni la haki, binti ni wake. Mjibu kwa lugha yake, kwamba sasa hivi wewe ni mwalimu mwenye ajira, unaomba ukufunzi wa chuo kikuu, ukiupata kuna mkataba, bima ya afya, na michango ya pensheni ya NSSF au PSSSF kutegemea ni chuo binafsi au cha serikali. Mwambie na makato ya mkopo wa bodi kama ulikuwa nao, asilimia 15 ya mshahara, binti asije akayakuta ndani ya ndoa. Posa isisubiri masta.

Shuleni endelea, laki nne na nusu sio nyingi ila jioni zako ni zako. Na hiyo admission usiitupe, waandikie wiki hii uombe waahirishe nafasi yako mwaka mmoja, vyuo vingi hukubali ukiomba kabla muhula haujaanza.